Alefu-Omega Haijiamulii

Maneno haya niliyasema Lamu, mbele ya walimu wa hisabati, wanafunzi wa sekondari na wazee wachache waliokuja kututia moyo. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, na maswali ya ukumbini nimeyaacha pale pale yalipoulizwa.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioahidiwa soda mkivumilia hadi mwisho: ahsanteni kwa kuja.

Leo nimekuja na ubishi wa barazani. Hapa Amu yuko kijana mmoja, msomi kweli kweli, huwaambia wenzake kwamba hisabati ya vitu visivyo na mwisho ilikufa mwaka 1963. Hoja yake si ya kipuuzi. Mwaka 1900 David Hilbert alitoa orodha ya maswali makubwa ya hisabati, na la kwanza kabisa lilikuwa la Georg Cantor: namba halisi ni ngapi? Mwaka 1938 Kurt Gödel akaonyesha kwamba jibu alilolitaka Cantor, yaani kwamba hakuna ukubwa wowote kati ya namba za kuhesabia na namba halisi, haliwezi kukanushwa kwa aksiomu tulizo nazo, zile kanuni za msingi tunazoanzia bila kuzithibitisha. Mwaka 1963 Paul Cohen akaja na forsingi, mbinu yake ya kujenga ulimwengu mpya wa hisabati kutokana na uliopo, akaonyesha kwamba haliwezi kuthibitishwa pia. Ukitaka ulimwengu ambamo jibu ni hili, unajengeka. Ukitaka jibu lile, unajengeka vilevile. Basi, asema ndugu yetu, kila mtu na lake, na anayethibitisha kitu huko juu anajisumbua bure.

Nampinga. Ziko sehemu huko juu ambapo hiari hiyo inakoma, na aliye mkubwa hulazimishwa na wadogo zake. Sehemu hizo zinaitwa kadinali singula.

Nielezee kwanza kadinali ni nini, kwa ufupi, maana walimu wanalijua hili. Ni ukubwa wa seti. Namba za kuhesabia, 0, 1, 2 na kuendelea, ukubwa wake tunauita alefu-sifuri. Cantor alithibitisha mwaka 1874 kwamba namba halisi ni nyingi kuliko hizo, kwa hiyo kutokuwa na mwisho kuna daraja. Ukubwa wa kwanza unaopita alefu-sifuri ni alefu-moja, halafu alefu-mbili, alefu-tatu, na hivyo hivyo. Ukishazipita zote hizo, ukubwa wa kwanza unaokaa juu yao ni alefu-omega. Huyu ndiye mgeni wetu rasmi wa leo.

Sasa mfano, na nitatumia huu mmoja tu. Mnaijua kamba ya makumbi. Fundi akitaka kamba ndefu huunga vipande. Swali ni hili: je, kamba ya urefu fulani inaweza kupatikana kwa kuunga vipande vilivyo vichache kuliko urefu wenyewe, na kila kipande kifupi kuliko kamba nzima? Alefu-omega yaweza. Chukua kipande cha alefu-sifuri, unga na cha alefu-moja, unga na cha alefu-mbili, endelea. Vipande vyenyewe ni alefu-sifuri tu kwa idadi, na kila kimoja ni kifupi, lakini ukivimaliza umefika. Kadinali inayoungika hivyo ndiyo singula. Alefu-moja haiungiki: vipande vya kuhesabika (yaani visivyozidi alefu-sifuri), kila kimoja cha kuhesabika, havikupi zaidi ya cha kuhesabika. Hiyo ni kadinali regula. Na idadi ndogo kabisa ya vipande vinavyotosha huitwa kofinaliti. Kofinaliti ya alefu-moja ni alefu-moja yenyewe. Ya alefu-omega ni alefu-sifuri.

Kutoka hapa kamba tuiweke kando, twende Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1904. Wanahisabati wamekusanyika kwenye kongamano lao la dunia. Anasimama Gyula König wa Budapest, mtu mzima mwenye heshima zake, anatangaza kwamba ukubwa wa namba halisi si alefu yoyote ile. Cantor mwenyewe yumo ukumbini, na ikiwa König anasema kweli, basi jengo lake zima limepata ufa. Muda si mrefu ufa ukaonekana, lakini upande wa pili. König alikuwa ametegemea fomula ya kijana Felix Bernstein, na fomula hiyo huvunjika pale pale kwenye kadinali kama alefu-omega. Mimi napenda kisa hiki kwa sababu moja. Hitimisho lilianguka, lakini hatua ya ndani ya hoja ilikuwa nzima, na hatua hiyo ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Nataka muione kwa macho yenu, kwa hiyo naomba chaki.

Tuandike safu. Safu ina nafasi ya sifuri, ya kwanza, ya pili, bila mwisho, na katika kila nafasi tunaweka kitu kimoja kutoka katika seti yenye vitu alefu-omega. Safu za namna hii ni ngapi kwa jumla? Tuseme yuko mtu anadai ameziorodhesha zote, na orodha yake ina urefu wa alefu-omega. Tutamtengenezea safu asiyokuwa nayo.

Nafasi ya sifuri: tazama zile safu zake alefu-sifuri za mwanzo, basi, nyingine ziache. Katika nafasi hiyo zimetumia vitu visivyozidi alefu-sifuri. Sisi tunavyo alefu-omega. Kipo kitu ambacho hazikukigusa; kiandike. Nafasi ya kwanza: tazama safu zake alefu-moja za mwanzo. Zimetumia vitu visivyozidi alefu-moja. Kipo kingine kimebaki, kiandike. Nafasi ya pili, safu alefu-mbili za mwanzo. Na kuendelea. Safu yetu ikitimia, haimo orodhani. Mwambie akuonyeshe ilipo: mahali popote atakapotaja, mahali hapo pako ndani ya alefu-n za mwanzo kwa n fulani, na katika nafasi ya n sisi tulitofautiana na wote hao kwa makusudi. Kwa hiyo safu ni nyingi kuliko alefu-omega.

(Hapa msichana wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, na hiyo ina uhusiano gani na namba halisi?" Swali zuri, maana nilikuwa nakaribia kuliruka.)

Uhusiano ni huu, binti yangu. Ukichukua safu za namba halisi, yaani mfuatano mzima wa namba halisi, idadi ya safu hizo haizidi idadi ya namba halisi zenyewe, kwa sababu tarakimu za namba zote za safu moja zinaweza kuchanganywa ndani ya namba moja na baadaye kutenganishwa. Sasa jaribu kusema namba halisi ni alefu-omega. Safu zake zingekuwa alefu-omega pia, na ubaoni tumeona safu zinazidi. Haiwezekani. Cohen anakuruhusu useme namba halisi ni alefu-moja, au alefu-mbili, au alefu-17 ukipenda. Hata alefu-(omega+1), ile inayoifuata alefu-omega moja kwa moja, anakuruhusu. Alefu-omega hakuruhusu, wala hatakuruhusu yeyote. Huko ndiko kukoma kwa hiari kwa mara ya kwanza, na kulijulikana karibu miaka 60 kabla ya Cohen. Ndugu yetu wa barazani hilo halitaji.

Tupande. Badala ya namba halisi tuulize kwa kila kadinali: seti yenye ukubwa huu ina seti ndogo ngapi, yaani seti zinazoundwa kwa kuchagua baadhi ya vitu vyake? Mwaka 1964, katika tasnifu yake, William Easton alionyesha kwamba kwa kadinali regula uko huru karibu kabisa. Ukichagua idadi za seti ndogo, masharti ni mawili tu: kadinali kubwa isiwe na seti ndogo chache kuliko kadinali ndogo, na sharti la König, lile lililotokana na hoja ya ubaoni, liheshimiwe. Mengine jipangie. Kwa kadinali singula, ulimwengu wa Easton hutoa thamani ndogo kabisa inayowezekana, na watu wakadhani huo ni udhaifu wa mbinu. Ilionekana ni suala la wakati: atakuja mtaalamu wa forsingi, ataboresha, na kadinali singula nazo zitakuwa na hiari yao.

Aliyekuja ni Jack Silver, na alikuja na habari kinyume. Kwenye kongamano la Vancouver mwaka 1974 aliwasilisha uthibitisho huu: chukua kadinali singula yenye kofinaliti kubwa kuliko alefu-sifuri, kwa mfano alefu yenye kielezo omega-moja, yaani ile unayoifikia ukishapanda hatua alefu-moja kwenye ngazi ya alefu. Ikiwa kila kadinali isiyo na mwisho iliyo chini yake ina seti ndogo chache kadiri iwezekanavyo, yaani idadi ya seti ndogo ni kadinali inayofuata tu, basi nayo yenyewe haina budi kuwa hivyo. Haiwezi kuwa ya kwanza kuvunja mwenendo. Hakuna forsingi itakayobadilisha hilo, kwa sababu ni teoremu. Wanahisabati waliokuwapo wakati huo wamesimulia mshangao wao, na mimi nawaelewa: walikuwa wamezoea miaka 10 ya kusikia "haithibitiki, haikanushiki".

Je, alefu-omega yenyewe, yenye kofinaliti ndogo? Hapo Silver hafiki. Menachem Magidor, katika kazi zilizochapishwa mwaka 1977, alijenga ulimwengu ambamo alefu-sifuri, alefu-moja, alefu-mbili na zote za chini zina adabu hiyo, halafu alefu-omega inaruka hatua moja zaidi: seti ndogo zake ni alefu-(omega+2). Lakini hakuipata bure. Alilazimika kudhani kuwapo kwa kadinali kubwa sana, za jamii ya zile ziitwazo sapakompakti na hata zaidi, ambazo aksiomu za kawaida haziwezi kuthibitisha kwamba zipo. Unaweza kuuliza kama malipo yale yalikuwa ya lazima. Ronald Jensen alikwisha kuonyesha, kwa teoremu yake ya kufunika, kwamba bila kadinali kubwa za namna fulani mruko huo hautokei kabisa. Baadaye Moti Gitik akapata bei kamili, si zaidi wala si pungufu. Hili nalitilia mkazo: kwa kadinali regula kubadilisha idadi ya seti ndogo hakugharimu chochote. Kwa singula kila badiliko lina bei, na bei yenyewe inapimika.

Halafu kuna Saharon Shelah. Kuhusu mtu huyu ningeweza kusimama hapa mpaka alfajiri. Wengine walikuwa wakihesabu seti ndogo na kukwama, kwa sababu kuhesabu seti ndogo ndiko kunakoyumbishwa na forsingi. Yeye akauliza swali jingine. Chukua tena safu, ila sasa nafasi ya n iwe na kitu kilicho chini ya alefu-n. Sema safu moja imeizidi nyingine ikiwa imeizidi katika nafasi zote isipokuwa chache zenye mwisho. Je, inawezekana kupanga mlolongo wa safu, kila moja ikizidiwa na zinazofuata, hata safu yoyote utakayoibuni wewe ikakuta mle iliyoizidi? Na mlolongo huo una urefu gani? Shelah akathibitisha, kwa aksiomu za kawaida tu bila kadinali kubwa wala forsingi, kwamba ukichagua vizuri nafasi za kutumia, mlolongo kama huo upo na urefu wake ni alefu-(omega+1) sawasawa. Mtu anaweza kuzisukuma namba halisi zikawa nyingi kadiri atakavyo. Mlolongo huu hautikisiki.

Kutokana na mawazo hayo akapata matokeo ambayo mtu wa barazani ataona kama mzaha. Ikiwa kila alefu-n ina seti ndogo pungufu ya alefu-omega, basi alefu-omega yenyewe ina seti ndogo pungufu ya alefu yenye kielezo omega-nne. Nne! Si moja, si mbili. Uthibitisho unatoa nne na hakuna anayeona kwa nini ulimwengu upende nne. Shelah mwenyewe amelishangaa hilo kwa maandishi. Kitabu chake kikubwa juu ya hesabu za kadinali kilitoka mwaka 1994. Msikinunue kama mna mtihani mwezi huu.

Mpaka hapa nimesema juu ya kuhesabu. Kuna upande mwingine, wa maumbo, ambao kwa maoni yangu ndio wenye siri zaidi: yale yanayotokea hatua moja tu juu ya kadinali singula.

Jensen, mwaka 1972, alitoa kanuni aliyoipa alama ya mraba, na mimi nitaiita Mraba. Kwa kadinali fulani, Mraba unasema hivi. Kila kituo cha kikomo (yaani kisicho na hatua ya mwisho kabla yake) kilicho kati ya kadinali hiyo na inayofuata kinapewa njia ya kukiendea. Njia isiwe ndefu kuliko kadinali yenyewe. Na njia zisigombane: ukiwa njiani kuelekea kituo cha juu ukapita kituo kingine ambacho njia yenyewe imekikaribia bila mwisho, basi njia ya kituo hicho cha kati lazima iwe ndiyo ile ile uliyokwisha kuipita, hatua kwa hatua. Katika ulimwengu wa Gödel, ule mwembamba usio na kitu cha ziada, Mraba unapatikana kila mahali. Robert Solovay akaonyesha kwamba kadinali ya sapakompakti ikiwepo, Mraba unavunjika kwenye kila kadinali kuanzia hapo kwenda juu.

Linganisheni bei zake. Kuuvunja Mraba kwenye alefu-moja kunahitaji kadinali ya Mahlo, aina mojawapo ya kadinali kubwa, ambayo katika soko hili ni bidhaa ya chini. Kuuvunja kwenye alefu-omega kunahitaji nguvu inayopita mbali hata kadinali za Woodin, ambazo ni za bei ya juu zaidi sana. Kanuni ni ile ile, maneno ni yale yale, lakini kwenye singula Mraba umekaza kama msumari wa jahazi uliokaa majini.

Na Mraba ukikaa, huzaa mti. Hapa naomba kuwarudishia jina la König, ila si Gyula. Ni mwanawe, Dénes. Mwaka 1927 Dénes König alithibitisha jambo ambalo wanafunzi wa kompyuta hulitumia bila kujua: mti wenye ngazi zisizo na mwisho, kila ngazi ikiwa na mafundo yenye mwisho, lazima uwe na tawi linaloendelea milele. Jaribu kupandisha hilo hadi alefu-moja, na ngazi za kuhesabika, linashindwa. Nachman Aronszajn alijenga mti mrefu wa alefu-moja, mwembamba kila ngazi, usio na tawi hata moja linalopita mti mzima. Kwa alefu-mbili jibu linategemea ulimwengu uliomo, kama alivyoonyesha William Mitchell mwaka 1972, na bei yake ni ya kadiri.

Na alefu-(omega+1), ile inayokaa juu kidogo ya mgeni wetu? Mraba ukiwapo kwenye alefu-omega, mti wa Aronszajn upo. Kwa hiyo ukitaka usiwepo, sharti kwanza uung'oe Mraba, na bei yake mmeisikia. Magidor na Shelah walifanikiwa, kazi yao ikatoka mwaka 1996, kwa dhana nzito mno. Dima Sinapova, mwaka 2012, aliipata kwa bei nafuu: sapakompakti nyingi zilizopangwa moja baada ya nyingine bila mwisho. Nafuu kwa viwango vya huko, lakini. Msingi wa kazi zote hizi ni kwamba kadinali singula iliyo kikomo cha sapakompakti, hatua moja juu yake mti huo hauoti kabisa. Kazi ngumu ni kuishusha hali hiyo kutoka mawinguni mpaka alefu-omega bila kuiharibu njiani. Baba alionyesha kwamba alefu-omega haiwezi kuwa ukubwa wa namba halisi. Suala la mwana, lililopandishwa hadi jirani yake, likawachukua watu miongo. Sijui kama Budapest kuna familia nyingine iliyoacha alama mbili mahali pamoja hivyo.

(Mzee mmoja wa mbele akauliza: "Sasa wewe mwanangu unasema hiari haipo, na huyo Magidor kabadilisha. Lipi?")

Naam, baba. Ipo, lakini si ya bure, na ina ukuta. Magidor, Shelah na Gitik wamejenga dunia ambamo, zile za chini zikiwa na adabu, seti ndogo za alefu-omega zinafika alefu yoyote ya hatua inayofuata yenye kielezo cha kuhesabika. Ukuta wa Shelah uko kwenye kielezo omega-nne. Kati ya omega-moja na omega-nne hapajafikiwa na yeyote: hakuna aliyejenga dunia inayoingia humo, na hakuna aliyeushusha ukuta. Kama mngeniuliza mimi, ningeweka dau kwamba ukuta utashuka hadi omega-moja, lakini dau langu halina mapesa ndani yake.

Sasa soda zinakuja. Anayetaka zoezi, alichukue kabla hajaondoka. Thibitisha kwamba ukubwa wa namba halisi hauwezi kuwa alefu yenye kielezo omega+omega. Ile hoja ya ubaoni inatosha ukibadilisha vipimo vyake. Ukimaliza jaribu alefu yenye kielezo omega-moja, nayo ni singula vilevile. Utakwama, na umekwama kwa haki, kwa sababu Cohen anairuhusu. Tafuta ni mstari upi wa hoja uliokataa, uniletee Ijumaa baada ya swala.